Siku kumi za kwanza bila sigara: tathmini ya kundi moja la kusaidiana mtaani Majengo, Mombasa

Kwa wiki nane mfululizo nimehudhuria mikutano ya kundi la watu wanaosaidiana kuacha sigara, ambalo hukutana Jumatano na Jumamosi baada ya alasiri katika chumba cha nyuma cha zahanati moja mtaani Majengo, Mombasa. Nimeona inafaa kuliandikia tathmini kama watu wanavyoandikia mikahawa na mafundi wa simu, kwa kuwa anayetafuta mahali pa kwenda siku yake ya kwanza anahitaji kujua atakachokikuta mlangoni. Jina la kundi silitaji, wala la zahanati, kwa ombi la wanachama wenyewe, ambao baadhi yao wake zao hawajui hata leo kwamba waliwahi kuvuta. Mimi nilivuta kwa miaka 19, pakiti moja kwa siku, na nilikuwa nimejaribu kuacha mara mbili nikiwa peke yangu: mara ya kwanza niliishia siku ya tatu, mara ya pili siku ya nne. Kwa hiyo huduma hii naipima kwa jambo moja hasa, nalo ni namna inavyomvusha mtu katika siku kumi za mwanzo, maana huko ndiko nilikokuwa nikizama.

Chumba chenyewe hakina cha kusifiwa. Kuna viti vya plastiki, feni moja, na dirisha linalotazama kibanda ambacho, kana kwamba ni mzaha, huuza sigara moja moja. Kiingilio hakuna, upo mkebe wa maziwa ya unga ambamo kila mwenye uwezo hutia shilingi 100 kwa ajili ya chai na virija vya karatasi vya kupulizia kipimo cha pumzi. Daktari hayupo. Yupo muuguzi mmoja wa zahanati anayekuja kwa nusu saa ya kwanza, hupima pumzi, hujibu maswali ya dawa, kisha huondoka, na baada ya hapo mkutano huongozwa na dereva wa lori mstaafu ambaye sisi sote tunamwita Ami. Idadi yetu hubadilika, lakini mara nyingi hatupungui kumi na wawili wala hatuzidi ishirini.

Jambo linalolifanya kundi hili listahili safari ya matatu mbili ni utaratibu wao wa wenza. Kila anayeingia hupewa mtu mmoja wa kumpigia simu wakati wowote, na mtu huyo huchaguliwa kwa kanuni ambayo mwanzoni niliiona ya ajabu: lazima awe ameacha kwa muda usiopungua wiki tatu na usiozidi miezi mitatu. Wakongwe hawapewi kazi hiyo. Nilipomuuliza Ami sababu, alinijibu, "Mwanangu, mimi nimeacha miaka kumi na minne. Nikikwambia siku ya pili ilikuwaje, nitakuwa nakutungia hadithi." Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu nilipojaribu peke yangu sikukosa maelezo wala nasaha, nilikuwa nimesoma mengi, na shemeji yangu aliyeacha zamani alikuwa akinihubiria kila Ijumaa. Nilichokikosa ni mtu ambaye mikono yake bado inakumbuka, ambaye akisema "kesho saa kumi jioni utataka kumpiga mtu" anasema hivyo kwa kuwa yeye mwenyewe alikaribia kumpiga mtu mwezi uliopita.

Mwenza wangu alikuwa fundi cherehani aliyekuwa na wiki sita. Alinipigia kwanza yeye, jioni ya siku ya kwanza, kuniuliza nimekula nini.

Siku hiyo ya kwanza, kusema kweli, ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Nikotini huondoka mwilini haraka, kiasi chake katika damu kikipungua kwa nusu takriban kila baada ya saa mbili, lakini mtu bado ana hamasa ya uamuzi wake na wengi tumeshaizoea njaa hiyo kwa namna fulani. Waislamu wanaovuta hukaa saa kumi na tatu na zaidi bila sigara kila siku ya Ramadhani, kisha wakaiwasha kabla kokwa ya tende haijakauka. (Ami hupenda kuwakumbusha wageni jambo hili, na kwa wengine husaidia, kwangu lilinitia aibu tu, kwa sababu lilinionyesha kwamba tatizo langu halikuwa kukaa bila sigara, bali kukaa bila kujua saa ya kuifungulia.) Linalofuata ndilo zito. Dalili za kukosa nikotini, ambazo mtaani tunaziita arosto, hupanda hadi kileleni katika siku mbili au tatu za kwanza, kisha hushuka polepole kwa wiki mbili hadi nne: hasira isiyo na sababu, kukosa usingizi, akili kutotulia, njaa ya ovyo, huzuni. Kundi halifichi lolote kati ya hayo, na nadhani huo ni uungwana, maana aliyeambiwa kwamba siku ya tatu ni mbaya haihesabu siku hiyo kuwa dalili ya kushindwa.

Usiku wa siku ya pili nilimpigia mwenza wangu saa nane. Nilikuwa jikoni, nimevaa viatu, na funguo zilikuwa mkononi, kwa sababu najua kibanda kimoja kisichofungwa usiku.

"Umelala, fundi?"

"Mimi nimelala, lakini simu haijalala. Sema, ndugu yangu."

Nikaanza kumweleza kuhusu sigara. Akanikatiza kwa upole akasema hataki kusikia habari za sigara. Nimweleze sufuria iliyo mbele yangu. Ilikuwepo kweli, sufuria ya wali uliogandia, na nikajikuta namweleza ukoko, mpini uliolegea, na mwiko ambao mama aliutoa Lamu. Akaniambia niioshe huku tukizungumza. Nilipomaliza kuisugua, ile hamu ilikuwa imepita, si kwa muujiza bali kwa sababu ndivyo ilivyo: wimbi moja la hamu hudumu dakika chache tu, mara nyingi tatu hadi tano, likapungua hata mtu asipovuta. Hilo nilikuwa nimelisoma. Lakini kulisoma saa sita mchana na kuoshea nalo sufuria saa nane usiku ni mambo mawili yasiyofanana. Baadaye nilijua kwamba swali la sufuria si lake. Yeye naye aliulizwa kuhusu sindano ya cherehani na mwenza wake, mwuza samaki wa soko la Marikiti ambaye sasa ana miezi kadhaa.

Kuna jambo jingine la siku hizo ambalo sikuwahi kulisikia popote kabla ya kuingia chumba kile, na ambalo kwa watu wa pwani lina uzito wake, nalo ni kahawa. Mimi ni mtu wa baraza. Baada ya magharibi hunywa kahawa tungu vikombe vitano au sita, vile vidogo, pamoja na kashata, na nilipoacha sigara niliongeza viwili ili mikono ipate shughuli. Kufikia siku ya nne moyo ulikuwa ukinidunda, vidole vikitetemeka, usingizi umenipotea kabisa, nami nikahitimisha kwamba mwili wangu hauwezi kuishi bila sigara. Nilipolisema hilo mkutanoni, mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu nilipoanza kuhudhuria aliinua kichwa akauliza swali moja tu: "Kahawa umepunguza?"

Muuguzi alitufafanulia kwamba moshi wa sigara, na si nikotini yenyewe, huchochea kimeng'enya fulani cha ini ambacho ndicho kinachovunja kafeini, hivyo mvutaji huimaliza kafeini mwilini upesi kuliko asiyevuta. Akiacha kuvuta, katika siku chache tu ini hurudia mwendo wake wa kawaida, na vikombe vile vile vitano huacha mwilini kafeini nyingi zaidi kuliko alivyozoea, pengine mara mbili. Dalili za kafeini iliyozidi, yaani wasiwasi, mtetemo na kukesha, hazitofautiani sana na arosto, na mtu hawezi kuzitenganisha kwa kuzihisi. Nilirudi kwenye vikombe viwili, cha mwisho kabla ya magharibi. Usiku wa pili baada ya hapo nililala saa tano mfululizo. Sisemi kwamba arosto yangu yote ilikuwa kahawa, lakini nina hakika kwamba katika jaribio langu la mwaka ule mwingine, lililokufa siku ya nne, muuza kahawa wetu alikuwa na mchango wake bila yeye kujua.

Kipimo cha pumzi nacho kinastahili neno. Ni kifaa kidogo cha kupulizia kinachoonyesha kiasi cha kaboni monoksidi katika pumzi, ile hewa yenye sumu ambayo moshi wa sigara huiingiza katika damu mahali pa oksijeni. Mkutano wa kwanza, nikiwa nimetoka kuvuta mlangoni, nilipata 24. Chini ya 10 ndiyo namba ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya asiyevuta. Mkutano uliofuata, siku nne baadaye, nilipata 2. Hewa hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya saa chache, kwa hiyo siku moja au mbili humtosha mtu yeyote kuiondoa, na hapakuwa na ushujaa wowote upande wangu. Hata hivyo, katika wiki ambayo kila kitu kingine kinakwambia hali yako imezidi kuwa mbaya, namba ile ndiyo ushahidi pekee wa upande wa pili. Wanaume wazima huipiga picha na kuionyesha nyumbani.

Kuhusu dawa, kundi limegawanyika, na mgawanyiko huo ndio udhaifu wake wa kwanza. Nusu ya wakongwe waliacha kavukavu na wanaiona chingamu ya nikotini kuwa njia ya kuhamisha uraibu kutoka mfukoni kwenda shavuni. Ukweli ni kwamba chingamu na plasta za nikotini ziko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kwamba kutumia nikotini ya dawa huongeza uwezekano wa kuacha kwa asilimia 50 hadi 60 kuliko kutoitumia. Muuguzi husema hivyo waziwazi, lakini muuguzi huondoka baada ya nusu saa, na maneno ya mwisho hubaki kwa wakongwe. Mgeni mwenye haya, ambaye amejitahidi kununua pakiti yake ya chingamu, ambayo si ya bei nyepesi na haipatikani katika kila duka la dawa, anaweza kuondoka hapo akiwa ameificha chini ya mfuko.

Niliwakumbusha wenzangu siku moja kwamba neno uraibu, kabla halijachukuliwa na mabango ya kupinga dawa za kulevya, huku kwetu lilikuwa jina la vitu vya tambuu vinavyotafunwa, popoo na chokaa na tumbaku pamoja, na kwamba mababu zetu wasingeelewa tunavyogombana kuhusu kipi ni cha shavuni na kipi si cha shavuni. Walicheka. Msimamo haukubadilika.

Ninachowashukuru wale wachache wanaoitumia ni kwamba walinifundisha kuitafuna, kwa sababu nilikuwa nikiitafuna kama chingamu ya watoto, mate yote nikiyameza, nikapata kiungulia na kwikwi. Hutafunwa polepole hadi ladha kali ijitokeze, kisha huwekwa kati ya ufizi na shavu ipumzike, kwa kuwa nikotini huingilia kwenye ngozi ya ndani ya kinywa na si tumboni. Ladha ikififia hutafunwa tena, na kipande kimoja huchukua takriban nusu saa. Kahawa, soda na maji ya ukwaju visinywewe robo saa kabla yake wala ikiwa kinywani, kwa maana tindikali huizuia kufyonzwa. Anayewasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka, kama nilivyokuwa mimi, ndiye anayeshauriwa ile ya miligramu 4. Wengine huwatosha ya 2.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi. Katika wiki nane zote nimewaona wanawake wawili tu, na mmoja hakurudi. Mwanamke anayevuta hapa mjini huvuta kwa siri, na kumwambia aje Jumamosi alasiri apite mbele ya dirisha la kibanda na kuketi kwenye duara la wanaume kumi na wanne ni kumwambia asije. Huyo aliyebaki, ambaye ni mhasibu, ameomba kwa heshima zote kwamba kuwe na saa ya wanawake peke yao, na ameahidiwa kwamba litatazamwa. Linatazamwa bado. Vivyo hivyo wanaofanya kazi za zamu bandarini na walinzi wa usiku huja mara moja, wakashindwa na saa, wakapotea. Anayetafuna tumbaku au kunusa ugoro hupokelewa kwa chai lakini mazungumzo yote yatakuwa ya sigara, na anayevuta sigara pamoja na kutafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, ataambiwa aache vyote viwili kwa siku moja, ushauri ambao mimi nauona umetolewa na watu wasiowahi kutafuna muguka.

Nina lalamiko moja pia. Wiki ya tatu kijana mmoja alikiri kwamba alivuta sigara mbili kwenye matanga ya ami yake. Mkongwe mmoja, ambaye simkusudii ubaya, alimwuliza mbele ya wote kama anadhani tunakuja hapa kunywa chai. Kijana alitabasamu, akamaliza chai yake, na hatujamwona tena. Ami alimkemea mkongwe yule baada ya mkutano, lakini kijana hakuwepo kusikia. Kuteleza katika wiki za mwanzo ni jambo linalowapata wengi wa wanaoacha, tena wengi wao hujaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu, na kundi linalojua hilo kuliko mtu yeyote lingepaswa kuwa na kanuni ya nani azungumze na aliyeteleza. Mimi ningempa mwenza wake peke yake ruhusa hiyo.

Nikilinganisha na huduma za kwingine ninazozifahamu, Uingereza mtu hupewa mshauri aliyefunzwa, kipimo cha pumzi cha kila wiki na dawa kwa miezi takriban mitatu, yote kupitia huduma ya afya ya umma, na ushindani huo hatuuwezi. Nicotine Anonymous, iliyoanzia California miaka ya 1980 kwa kufuata hatua kumi na mbili za walevi waliokuwa wakisaidiana, ina mikutano ya simu ambayo mtu aliye Mombasa anaweza kuingia bila malipo, ingawa mingi ni ya Kiingereza na ya saa za Marekani. Kuhusu makundi kwa jumla, mapitio ya Cochrane ya 2017 yalikuta kwamba wanaohudhuria kundi hufaulu kuacha zaidi ya wanaojitegemea kwa vijitabu, lakini hayakupata ushahidi wa kutosha wa kusema kundi linamshinda mshauri wa ana kwa ana. Naliona hilo kuwa hukumu ya haki. Kama ningekuwa na mshauri wa kuniona kila wiki huenda ningefaulu vilevile. Ila mshauri asingepokea simu saa nane usiku.

Kwa siku kumi za kwanza naipa huduma hii nyota tano bila kusita. Kwa wiki ya tano na kuendelea naipa tatu, kwa sababu hadithi huanza kujirudia, na wale waliokwisha kutulia hukaa wakizungumzia bei ya unga, jambo ambalo lina raha yake lakini haliwezi kuitwa tiba. Kuongezeka uzito, ambako huwapata wengi wetu kwa kilo nne au tano katika mwaka wa kwanza, hakuna anayekuzungumzia isipokuwa kwa utani juu ya kitambi cha fundi.

Anayenuia kwenda namshauri aende mkutano mmoja kabla ya siku aliyojiwekea ya kuacha, akiwa bado anavuta, wala asione haya kunuka moshi. Hapo atapewa mwenza mapema, atapata muda wa kuihifadhi namba yake ya simu, na zaidi ya yote atapulizia kipimo na kuandikiwa kiasi chake cha mwanzo katika daftari la muuguzi. Aliyekuja akiwa ameacha tangu juzi huandikiwa 2 au 3, akaitazama ile karatasi bila furaha yoyote, kwa kuwa hana 24 ya kuilinganisha nayo.